Babu Aliyeitwa Masikio

Baba mdogo ndiye aliyenitwisha kazi hiyo. Alinikuta naanika sare zangu za kliniki, akasema wajukuu sasa wamefika ishirini na tisa na hakuna hata mmoja anayejua babu yao alikuwa mtu wa namna gani. "Wewe ndiye msomi wetu," alisema, "na mwandiko wako unasomeka, ingawa ni muuguzi." Alitaka kijitabu chembamba: upande mmoja maisha ya babu na nyumba yake, upande wa pili mambo makubwa ya nchi yaliyotokea miaka ileile, mgomo, uhuru na mengineyo, ili watoto waone kwamba historia haikupita mbali na mlango wetu. Nilikubali. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi mbili.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa shangazi, mtoto wa kwanza wa babu. Ana miaka sabini na kitu, na bado anakumbuka nani alikaa kiti gani kwenye harusi ya nani. Nilipomweleza, aliweka kikombe chini polepole.

"Andika habari za mama yangu," alisema. "Huyo mwingine mwache alipo."

"Shangazi, ni baba yako."

"Najua ni nani. Kunywa chai, inapoa."

Sikupata neno jingine. Lakini nilipoomba mkoba wa bibi, ule wa ngozi uliokuwa juu ya kabati tangu bibi afariki, hakunizuia. Alinitazama tu nikipanda juu ya stuli, kama mtu anayemtazama mwizi ambaye ni wa nyumbani.

Ndani ya mkoba mlikuwa na picha moja na kadi za kliniki za watoto wote sita wa bibi, zimefungwa kwa mpira uliokauka ukakatika mara tu nilipougusa. Picha ilikuwa ya babu, kavaa koti, kasimama wima kama ameambiwa asipumue. Nikaenda kumwonyesha baba mdogo. Sisi wote tulikuwa tunajua mtaani babu aliitwa Masikio, na tangu utoto tuliamini ni kwa sababu alikuwa na masikio makubwa.

"Hebu angalia," nilimwambia. "Yako wapi hayo masikio?"

Baba mdogo aliisogeza picha karibu na dirisha. Masikio ya babu yalikuwa madogo, yamelala kichwani kama ya mtoto mchanga.

"Labda fundi wa picha aliyapunguza," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Nina miaka kumi na saba ya kupima watoto uzito. Kadi ya kliniki naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Najua mama aliyechoka, mama aliyehama, mama aliyeficha homa. Kadi za bibi zilikuwa safi ajabu: kila mwezi, kliniki ileile, muhuri uleule wa buluu. Isipokuwa mara mbili. Kadi ya shangazi, alipokuwa na miezi mitano, ilikuwa na muhuri wa kijani wa kliniki ya mji wa wazazi wake bibi, safari ya siku nzima kwa basi. Na kadi ya baba mdogo, aliyekuwa kitinda mimba, ilikuwa na muhuri uleule wa kijani, miaka kumi na moja baadaye. Niliandika tarehe hizo mbili kwenye daftari, nikaenda nazo kwenye jengo la nyaraka za taifa.

Chumba cha kusomea kiko ghorofa ya pili: meza sita, feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha, na mtunza nyaraka mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kifuani. Alininyang'anya kalamu ya wino akanipa ya risasi.

"Unatafuta nini hasa?" aliuliza.

"Habari za ukoo."

"Wote husema hivyo," alijibu, akanisukumia daftari la kutia sahihi.

Nilianza na magazeti ya mwaka wa mgomo mkuu, wakati wa wakoloni. Muhuri wa kijani wa shangazi ulikuwa wa Jumanne. Siku ya Alhamisi ya wiki hiyohiyo, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje katika mitaa yote ya wafanyakazi, na askari wakapita nyumba kwa nyumba wakivunja milango. Gazeti lilisifu kwamba amri ilitolewa bila taarifa yoyote, ili viongozi wa mgomo wasipate nafasi ya kutoroka. Bila taarifa yoyote. Lakini bibi na mtoto wake mchanga walikwishaondoka siku mbili kabla.

Nikajiambia ni bahati. Bibi alikwenda kusalimia kwao, basi. Nikafungua mwaka wa uhuru, kwa sababu baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alizaliwa wiki ileile ya kupandishwa bendera. Hapo sikuona cha kushuku. Familia husimulia kwamba bibi alijifungua na jirani tu, kwa kuwa babu alikuwa kazini siku nne mfululizo, na aliporudi alimnyanyua mtoto juu akasema huyu hatatawaliwa na mtu. Bibi alimjibu atatawaliwa na njaa kama baba yake hatakwenda kulala.

Kisha nikafika kwenye muhuri wa pili. Mwaka wa tatu wa uhuru, wanajeshi wachache walijaribu kupindua serikali, wakashindwa. Wiki tatu baadaye ukafanyika msako. Mitaa minne ilizingirwa alfajiri, na wetu ulikuwa mmojawapo. Watu arobaini na mmoja walichukuliwa siku hiyo, na wengi hawakuonekana tena. Nikaangalia kadi. Siku hiyohiyo, asubuhi ambayo askari walikuwa wanabomoa milango mtaani kwetu, baba mdogo alikuwa kwenye mizani ya kliniki ya mji mwingine, kilo sita na nusu, ana afya njema.

Mara moja ni bahati. Mara mbili, mtu alijua. Na jina Masikio likaanza kunikaa vibaya kichwani. Mtu anayeitwa Masikio bila kuwa na masikio makubwa, anaitwa hivyo kwa sababu ya kazi inayofanywa na masikio.

Nilimwendea mtunza nyaraka nikamuuliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyokusudia, kama kuna orodha ya watu waliokuwa wakiwapelekea polisi habari miaka ile.

Alivua miwani ya machoni, akavaa ya kifuani, akanitazama vizuri.

"Mafaili hayo yamefungwa bado. Ni habari za ukoo hizi?"

"Ndiyo," nilisema. "Ndiyo hizohizo."

Kwa wiki mbili sikumwambia mtu. Baba mdogo alinipigia simu kuuliza kijitabu kimefika wapi, nikamwambia kliniki ina watoto wengi. Nilianza kumtazama kila mtu wa familia yetu upya. Kwa nini hatukuwa na marafiki wa zamani, wale wa kusema nilicheza na baba yako? Kwa nini babu alihama nyumba mwaka mmoja baada ya msako? Kwa nini watu waliokuja kumzika walikuwa wachache kiasi kwamba jeneza lilibebwa na wakwe? Mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote sasa yalikuwa yananitazama.

Mwishowe nilirudi kwa shangazi na kadi zote mbili, nikaziweka mezani mbele yake. Aliisoma mihuri, kisha akainuka akafunga mlango wa uani, ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Umejua," alisema.

"Sijajua kitu, shangazi. Nashuku tu."

"Mimi nimeshuku tangu nina miaka kumi na moja." Alikaa. "Siku ile alirudi nyumbani mchana. Baba hakuwahi kurudi mchana. Mikono yake ilikuwa myeusi, na alikuwa na desturi ya kuiosha kabla hajatoka kazini. Akamwambia mama, fungasheni, mnakwenda kwenu sasa hivi. Mama hakuuliza. Niliona hakuuliza, nikajua si mara ya kwanza."

"Alifanya kazi gani?"

"Serikalini. Hilo tu. Aliingia kwenye lango lile kubwa lenye askari, lile ambalo polisi wa siri waliingilia. Mtaa mzima ulimwona akiingia hapo kila asubuhi. Nyumbani hatukuruhusiwa kuuliza." Alikunja kadi ya baba mdogo, akaikunjua tena. "Nilikuwa nimekaa nje juu ya bunda la nguo, tunangoja mama amvishe mtoto. Nikamwona baba anazunguka nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Mlango wa nyuma. Watu hawakuwa wakipita mlango wa nyuma kwa fundi, wateja walipita mbele. Akaingia. Hakukaa sana. Alitoka ameinamisha kichwa, akatupeleka kituoni, tukasafiri usiku kucha. Kesho yake alfajiri fundi alichukuliwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mke wa fundi alisimama mlangoni kwetu tuliporudi, akasema kila mtu anachojua kuhusu Masikio. Lakini yeye hakujua niliona. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulimwita Sindano. Sikuzungumza naye tena hata siku moja. Ningemwambia nini?"

Nilimshika mkono. Hakuuondoa, wala hakuushika wangu.

"Fundi alirudi?" niliuliza.

"Mwaka wa pili waliletewa nguo zake. Zimekunjwa vizuri."

Nilirudi kwenye jengo la nyaraka nikiwa na hasira, nikaomba karatasi zote za msako zilizo wazi. Mtunza nyaraka aliniletea amri yenyewe, ile iliyobandikwa ukutani siku ile: kurasa mbili, na mwisho wake orodha ya wanaotakiwa. Majina arobaini na moja. Fundi wetu alikuwa wa kumi na saba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mchanga, palikuwa na herufi tatu na tarakimu.

"Hizi ni nini?"

Aliinama. Kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi kuulizwa. "Hicho ni Kiwanda cha Chapa cha Serikali. Hii nambari ya kazi. Hizi nakala, mia tano. Na hii ni tarehe ya kupangwa."

"Kupangwa vipi?"

"Siku hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, mama. Mtu aliziokota moja moja kwenye sanduku, akazipanga mstari kwa mstari, zimegeuzwa kinyume, ndipo zikapakwa wino. Mtu wa kwanza kuisoma amri yoyote nje ya ofisi kubwa alikuwa mpanga herufi."

Tarehe ya kupangwa ilikuwa siku mbili kabla ya msako.

"Kiwanda kilikuwa wapi?"

"Ndani ya lango lile kubwa. Kushoto chapa, kulia wale wengine. Lango lilikuwa moja."

Hakungoja niombe. Alipotea kati ya rafu, akarudi na taarifa ya mwaka ya kiwanda. Wapanga herufi kumi na mmoja. Wa saba alikuwa babu, jina lake kamili, hata la babu yake.

"Waliapishwa," alisema mtunza nyaraka. "Aliyetoa neno nje alikuwa anakwenda ndani miaka kumi na minne."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kujua alivyojua si kujua alichofanya. Jina la fundi lilikuwa kwenye orodha siku mbili kabla. Basi babu alifuata nini mlango wa nyuma mchana ule? Huenda alikwenda kuhakikisha kwamba mtu yupo nyumbani. Huenda yeye ndiye aliyelitoa jina zamani, akalipanga kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kuomba radhi bila kusema ni ya nini. Katika kazi yangu nimeona mama akimbusu mtoto ambaye amemchoma kwa uji yeye mwenyewe. Watu hufanya hivyo.

Sindano hakuwa mgumu kumpata. Bado alikuwa mtaa uleule, chumba kilekile cha baba yake, anashona sare za shule. Vyerehani viwili, meza ya kukatia yenye urefu wa mlango, vitambaa vya kijivu na vya buluu hadi darini. Mwenyewe alikuwa mwembamba, amebana pini midomoni, na alinisikiliza bila kuzitoa. Nilipotaja ni mjukuu wa nani, alizitoa moja moja akazichoma kwenye mkono wa gauni lake.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Naandika habari za ukoo wetu."

"Miaka yote hii hamjaandika. Leo mnaandika kwa nini? Mnataka nisaini kitu?"

"Nataka kujua babu yangu alifuata nini hapa siku moja kabla baba yako hajachukuliwa. Alionekana akiingia mlango wa nyuma."

Uso wake ulibadilika. "Nani alimwona?"

"Binti yake mkubwa."

Alikaa kwenye stuli ya cherehani. Kwa muda mrefu alikuwa analainisha kipande cha kitambaa juu ya goti, kipande kisicho na makunyanzi.

"Nilikuwa chini ya meza hii," alisema. "Nilikuwa naokota pini. Alikuja amevaa kama anavyovaa kazini, mikono myeusi. Hakukaa. Akamwambia baba: jina lako nimeliona, ni kesho alfajiri, ondoka leo, usipitie stendi. Basi. Maneno hayo tu. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Akarudi akacheka."

"Akacheka?"

"Alimwambia mama, umemsikia Masikio? Mtu wa lango lile akikwambia kimbia, ujue wamekuwekea watu njiani. Wanataka nikutwe nakimbia, ili wapate kosa. Mama akasema, kweli kabisa, ukikimbia umekiri. Kaa ushone. Yeye ndiye aliyesema kaa. Na baba alikuwa na sare za watoto wa shule nzima za kumaliza. Akakaa akashona." Aliutazama mlango wa nyuma. "Walipokuja alikuwa anatia vifungo."

Niligeuka, nami nikautazama mlango huo.

"Mama aliniapisha," aliendelea. "Alisema kama watu watajua tuliambiwa tukakaa, watasema sisi ndio tuliomuua. Afadhali aonekane Masikio. Na babu yako hakujitetea. Angejitetea vipi? Angesema nilimwonya, wangemfunga siku hiyohiyo. Mama alisimama mlangoni kwake akamtukana, na yeye akamsikiliza mpaka akamaliza. Niliona. Mama amefariki mwaka juzi. Tangu hapo nimekuwa nasema nitakwenda kwa rafiki yangu nimweleze. Nikifika kona narudi. Nilidhani alininunia kwa sababu ya matusi ya mama."

"Yeye alidhani baba yake alimuuza wako."

"Aliona akiingia?"

"Aliona akiingia na kutoka. Hakusikia."

"Na mimi nilisikia, sikujua kama kuna aliyeona," alisema, akafunika mdomo kwa kile kitambaa.

Nilipomweleza shangazi, hakuamini. Alisema yule mama amezeeka, anataka kulala salama, anatunga. Alisema mimi ni mtoto, sijui watu. Siku tatu alikataa hata kupokea simu yangu. Siku ya nne alinipigia yeye, akaniuliza stendi ya kwenda mtaa ule siku hizi iko wapi.

Nilimpeleka. Alipoingia, Sindano alisimama kwa kasi mpaka stuli ikaanguka, na wakabaki wakitazamana, wazee wawili, kila mmoja akimtafuta mtoto fulani katika uso wa mwenzake. Hawakukumbatiana. Shangazi aliangalia chumba, akaenda hadi meza ya kukatia, akainama kwa shida akachungulia chini yake.

"Hapa?"

"Hapo. Upande wa ukuta."

"Sema alivyosema. Vilevile."

Sindano alirudia maneno, moja baada ya jingine. Shangazi alisikiliza amefumba macho. Aliposikia "usipitie stendi", aliitikia kwa kichwa. Aliniambia baadaye kwamba ndivyo babu alivyokuwa akisema siku zote, kwa kukata, kama mtu anayetoa dawa. Kisha akafumbua macho akauliza swali ambalo mimi sikuwa na ujasiri wa kuliuliza.

"Orodha ilikuwa na watu arobaini na mmoja. Watatu wa mtaa huu. Na wale wengine, aliwaambia?"

"Sijui, dada," alisema Sindano. "Mimi nilisikia ya nyumba yetu tu."

"Kwa hiyo huenda alimwonya mmoja akawaacha arobaini."

"Huenda. Au aliwaonya wote, na wote wakamcheka kama baba. Nani atakwambia sasa?"

Shangazi aliinua stuli iliyoanguka, akaikalia. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akamuuliza mwenzake kama anaweza kumpunguzia gauni kiunoni, kwa kuwa siku hizi nguo zote zinampwaya. Sindano akachukua utepe wa kupimia. Niliwaacha hapo nikaenda kusimama barabarani, na nilipochungulia tena walikuwa wanabishana ni nani alimsukuma nani mtaroni darasa la nne.

Kijitabu kimechapishwa, nakala thelathini. Baba mdogo aliposoma rasimu alitaka nitoe sehemu ya wale arobaini. Alisema babu amesafishwa, sasa kwa nini nimpake tena? Tulizozana vikali, na mkewe akatoka jikoni kutazama kama tunapigana. Nilimwambia sikumsafisha wala sikumpaka, nimeandika kilichoonekana na kilichosikika, na pale pasipojulikana nimeandika haijulikani. Mwishowe shangazi alimpigia simu. Sijui alimwambia nini, ila baba mdogo aliniletea rasimu asubuhi yake bila kufuta hata neno, akaniomba nibadilishe kitu kimoja tu: pale nilipoandika "mfanyakazi wa serikali", niandike "mpanga herufi".